SIKU ISIYO NA TAREHE



Najua wengine mnasoma mkiwa kwenye matatu, mmekwama Jogoo Road. Wengine mmefunga kibanda sasa hivi na miguu inauma. Wengine mko macho kwa sababu mtoto hajalala. Leo sijaleta mahubiri ya kawaida, nimeleta historia. Ni ndefu kidogo. Ukichoka, weka alama urudi baadaye, lakini usiiache katikati, kwa sababu jambo hili limeua watu, na waliokufa walikuwa wanaimba nyimbo hizi hizi tunazoimba sisi.

Karibu kila mwezi mtu wa kanisa ananitumia kitu na kuniuliza, "Pastor, umeona hii?" Ni video ya mtu aliyeota ndoto akapewa tarehe. Ni sauti isiyo na jina inayosema tutoe watoto shule. Ni hesabu za kitabu cha Danieli zinazoishia mwaka huu. Na chini yake kuna swali moja: "Sasa tufanye nini?"

Swali hilo ni zuri. Hata wale watu wa siku ya Pentekoste walichomwa mioyo wakauliza hivyo hivyo. Shida iko kwenye majibu yanayouzwa mitaani.

Kabla sijaendelea, nisikie vizuri. Naamini Yesu Kristo anarudi. Naamini wafu watafufuliwa, na kwamba mimi na wewe tutasimama mbele ya kiti cha hukumu. Sitaki mtu amalize kusoma aseme pastor amepoa. Nataka uwe tayari kweli kweli, si tayari ya kutangazwa na mtu mwenye kipaza sauti.

WALIOTAJA TAREHE

Fungua Mathayo 24. Yesu ameketi juu ya Mlima wa Mizeituni, na wanafunzi wanamwendea faraghani. Wanataka kujua ni lini. Angalia kitu cha kwanza kinachotoka kinywani mwa Bwana. Haanzi na vita, njaa wala matetemeko. Mstari wa 4, anaanza kwa kuwaonya wasidanganywe. Ni kama alijua kwamba hatari kubwa ya nyakati za mwisho kwa mtu wa kanisa haitakuwa bomu, itakuwa mwalimu. Na mstari wa 36 anaufunga huo mlango kabisa: siku na saa ni siri ya Baba peke yake.

Huo mlango watu wameusukuma kwa miaka karibu elfu mbili.

Miaka kama 20 tu baada ya msalaba, kanisa la Thesalonike lilishachanganyikiwa. Kuna waliosema siku ya Bwana imekwisha kufika. Kuna walioacha kazi, wakawa wanazunguka nyumba za watu na kula jasho la wengine. Paulo hakuwasifu kwa imani yao kubwa. Soma 2 Wathesalonike 3. Aliwaambia warudi kazini, wafanye kazi kwa utulivu na wale chakula chao wenyewe.

Karne ya pili, huko Frigia, Uturuki ya leo, akatokea mtu anaitwa Montanus pamoja na manabii wawili wanawake, Priscilla na Maximilla. Wafuasi wao waliamini Yerusalemu mpya utashuka kwenye mji mdogo uitwao Pepuza. Inasemekana Maximilla alifundisha kwamba baada yake hakuna nabii tena, ni mwisho tu. Maximilla alikufa, jua likachomoza kesho yake. Leo Pepuza ni magofu.

Marekani, William Miller, mkulima aliyekuwa mhubiri wa Kibatisti, alisoma siku 2,300 za Danieli 8:14 akapiga hesabu. Maelfu wakamfuata. Hatimaye tarehe ikawekwa: 22 Oktoba 1844. Kuna wakulima walioacha mazao shambani bila kuvuna, kwa sababu kuvuna ilikuwa dalili ya kutoamini. Usiku ukapita. Asubuhi ya tarehe 23 watu walilia. Siku hiyo ikaingia kwenye historia kama Sikitiko Kuu.

Ukisema hayo ni ya zamani, rudi 2011. Harold Camping, mzee wa California aliyekuwa mhandisi na mwenye redio iliyosikika duniani kote, alitangaza unyakuo Jumamosi tarehe 21 Mei 2011. Mabango yakawekwa barabarani. Kuna watu walioacha kazi na kumaliza akiba yao kutangaza tarehe hiyo. Haikutokea. Akasogeza hadi Oktoba. Haikutokea. Machi 2012 yeye na redio yake wakaandika wazi kwamba kuweka tarehe ilikuwa dhambi. Ahsante Mungu kwa toba hiyo. Lakini akiba za watu hazikurudi.

HAPA KWETU

Mpendwa, usiwacheke Wamarekani. Tuvuke tu hapo Uganda.

Katika wilaya ya Kanungu kulikuwa na kundi lililojiita Vuguvugu la Kurudisha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake walikuwa Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na padri mmoja, Dominic Kataribabo. Walifundisha kwamba dunia itaisha 1999 ikiisha. Watu waliuza mali wakaleta kwa kundi. Waliishi kwa kunyamaza, wakiongea kwa ishara za mikono, wakiogopa kuvunja amri ya kutoshuhudia uongo. Usiku wa mwaka mpya ulipopita na dunia ikabaki pale pale, waumini wakaanza kuuliza maswali. Ijumaa tarehe 17 Machi 2000, watu waliokusanyika ndani ya jengo la ibada waliteketea kwa moto, na milango na madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari. Baadaye makaburi ya pamoja yakapatikana kwenye nyumba nyingine za kundi hilo. Waliokufa kwa jumla walizidi 700, na watoto wengi walikuwemo.

Miaka sita baadaye ikawa zamu ya Kenya. Mhubiri wa Texas, Yisrayl Hawkins wa House of Yahweh, alitangaza kwamba vita vya nyuklia vitaanza Jumanne tarehe 12 Septemba 2006. Wafuasi wake hapa Kenya walijificha kwenye mahandaki na kuvaa vifaa vya kuzuia gesi. Wakangoja. Jumatano ikafika, mama mboga akapanga nyanya zake kama kawaida. Tarehe hiyo ikumbuke, 12 Septemba. Nitairudia.

Halafu Shakahola.

Paul Nthenge Mackenzie alikuwa dereva wa teksi Malindi kabla ya kuanzisha kanisa lake, Good News International, mwaka 2003. Mahubiri yake yalienda mbali kwa runinga na YouTube. Hayakuanza na njaa. Yalianza na mambo ambayo hata wewe ungesema amina: dunia imeharibika, elimu imejaa mambo ya shetani, serikali inatuandalia alama ya mnyama. Mwaka 2019, watu walipoandikishwa Huduma Namba, yeye aliipinga. Mwaka huo huo akafunga kanisa na kuelekea msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Watu wakauza vitu vyao wakamfuata kutoka pembe nyingi za nchi hii. Walikuwa watu wa kawaida, wenye Biblia mkononi na namba ya pastor kwenye simu.

Aprili 2023 polisi waliingia msituni. Waliokolewa wachache wakiwa mifupa na ngozi. Makaburi yakaanza kufukuliwa, na hesabu ikazidi miili 400. Madaktari walipopima miili walikuta wengi walikufa kwa njaa, na baadhi, wakiwemo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Manusura walieleza kwamba waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho, na kwamba watoto ndio waliopangwa kutangulia. Mwaka 2024 Mackenzie na wenzake walishtakiwa mahakamani, kuua ikiwa moja ya mashtaka, na wakakana. Hiyo ni kazi ya mahakama, tuiache mahakamani. Kazi yetu sisi ni kuuliza mtu aliyeokoka anafikaje pale.

Nimefuatilia historia hizi zote, na naona njia ni moja.

Kwanza, wanakutoa kwenye kazi. Shamba, kibarua, shule ya mtoto, vyote vinageuzwa kuwa ukosefu wa imani.

Pili, wanakutoa kwa watu. Mama yako ni wa dunia. Shemeji yako ni adui wa roho yako. Kanisa ulilokulia ni Babeli. Mwisho unabaki na sauti moja tu masikioni.

Tatu, wanakutoa kwa Neno. Biblia unaibeba, ndiyo, lakini hufungui tena bila mtu huyo kukuambia imesema nini. Watu wa Beroya, Matendo 17:11, walisikiliza mtume Paulo mwenyewe kisha wakarudi kuchunguza Maandiko kila siku, na wakasifiwa kwa hilo. Mtumishi anayekasirika ukichunguza anachofundisha, jiulize anaogopa nini.

Na nne, wanakutoa kwa daktari. Hili nalisema kwa uchungu. Anayekwambia uache dawa za presha, za sukari, au ARV ili uonyeshe imani, toka hapo siku hiyo hiyo. Mungu anaponya, na mimi naombea wagonjwa. Lakini mponywaji wa kweli haogopi kipimo cha hospitali. Wale wenye ukoma kumi Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Hakuna mtu aliyewaficha msituni.

JUMATATU ILE YA SINAI

Sasa rudi kwenye ile tarehe. Tarehe 12 Septemba 2006 watu walijificha wakingoja mwisho, na haukuja.

Tarehe 12 Septemba 2011, miaka mitano kamili baadaye, ilikuwa Jumatatu. Hakuna nabii aliyeitaja. Hakuna aliyechimba handaki. Kwenye mtaa wa Sinai, kule Viwandani karibu na Lunga Lunga, mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba yakaingia mtaroni. Watu walitoka na ndoo na mitungi kuchota, kwa sababu mtungi mmoja wa petroli ulikuwa chakula cha siku kadhaa. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 wakafa, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao za mabati, hawajachota hata kikombe.

Tarehe 29 Aprili 2016, Ijumaa usiku, mvua kubwa ilinyesha Nairobi. Kule Huruma jengo la ghorofa sita lililokuwa kando ya mto likaporomoka na watu ndani. Lilikuwa limeshatajwa kuwa si salama kuishi. Waliokufa walikuwa kama 50. Waokoaji walichimba kwa siku nyingi, na katikati ya huzuni hiyo wakatoa mtoto mchanga akiwa hai baada ya siku tatu na zaidi. Sisi wa Eastlands tunakumbuka tulivyolia.

Usidhani nasema waliokufa Sinai na Huruma walikuwa na dhambi kuliko wewe wa Buruburu au Donholm. Yesu mwenyewe alizuia maneno hayo. Luka 13, watu walimletea habari za waliouawa na Pilato, na yeye akawakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Akauliza kama wale 18 walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha akageuka kwa waliosimama mbele yake akawaambia watubu.

Unaona anavyofanya? Anakataa kuwahukumu waliokufa, na anakataa pia kuwaacha walio hai wakilala. Jengo likianguka, sisi tunauliza wale walikosea nini. Bwana anauliza wewe umebaki hai kufanya nini.

Kwa hiyo mpendwa, hata kama unyakuo utakuja baada ya miaka 300, mwisho wako wewe hauko mbali hivyo. Uko umbali wa mpigo mmoja wa moyo. Uko upande wa pili wa barabara ya Outering unapovuka bila kupanda daraja. Anayengoja tarehe ndiyo ajiandae hajaelewa kitu, kwa sababu hakuna aliyepewa tarehe yake.

HUKUMU ISIYO NA GUNIA

Kuna watu ambao tangu Shakahola hawataki kusikia neno hukumu kabisa. Wanasema ni vitisho vya wachungaji. Nawaelewa, lakini nataka kuwaambia kitu kutoka mitaa yetu wenyewe.

Jumamosi tarehe 24 Aprili 1954, watu wa Nairobi waliamka wakakuta jiji limezingirwa. Wakoloni waliita Operesheni Anvil. Wanajeshi na polisi waliingia mitaa ya Eastlands nyumba kwa nyumba. Watu walitolewa nje, wakaketishwa chini, vipande vyao vikakaguliwa. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa upande mmoja, wengine upande mwingine. Waliotengwa walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwa kizima, matundu mawili tu ya macho. Gunia likitikisa kichwa, umeisha. Hukujua ni nani. Hukujua amesema nini. Labda ni jirani mliyegombana kwa sababu ya maji. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa, wengi wakapelekwa kambi kama Manyani na Mackinnon Road, wakaacha wake na watoto bila kuaga.

Kuna familia katika mitaa hii ambazo babu hakuongea juu ya siku hiyo mpaka akafa.

Ukijua hukumu ya namna hiyo tu, utachukia hukumu yote. Lakini sikiliza tofauti. Hukumu ya Mungu haina gunia. Ufunuo 20:12, vitabu vinafunguliwa mbele ya wote. Aliyeketi kwenye kiti tunamjua uso, na mikono yake ina makovu aliyoyapata kwa ajili yetu. Pale hakuna kutengwa kwa kabila wala kwa kipande. Hakuna jirani wa kukusingizia. Kuna ukweli peke yake.

Na kama wewe ni mtu uliyeonewa, hiyo ni habari njema. Yule aliyemfukuza mjane kwenye ploti yake kwa karatasi bandia, na kesi ikazungushwa hadi mjane akachoka, faili yake haijapotea. Aliyejenga ghorofa kwa mchanga mwingi na simiti kidogo, akakusanya kodi hadi siku lilipoanguka, ataitwa jina. Mwajiri aliyekaa na mshahara wa msichana wa nyumbani miezi minne, Yakobo 5:4 inasema kilio cha mshahara ule kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ukiondoa hukumu kwenye injili, umewaambia maskini wote wa Eastlands kwamba hakuna atakayewahi kuuliza.

Lakini kiti hicho hicho kitakuuliza na wewe. Hapo ndipo tunapohitaji damu ya Yesu, sisi sote, na mimi nikiwa wa kwanza kwenye foleni.

WALIOKUWA TAYARI

Historia haina wapotoshaji peke yao. Inao pia watu waliojiandaa vizuri.

Miaka ya 1930, moto wa uamsho uliwaka Gahini, Rwanda, ukasambaa Uganda, na mwishoni mwa miaka hiyo ukafika Kenya. Bibi yako huenda alikuwa mmoja wao, wale walioitana ndugu na dada wakisalimiana kwa "Tukutendereza". Hao watu walimngoja Yesu kila siku. Na unajua walifanya nini wakimngoja? Walirudisha vitu. Mtu alibeba jembe aliloliiba akampelekea mwenyewe. Mwingine alilipa fedha alizomdhulumu mwajiri wake. Mume alimwomba mke wake msamaha mbele ya watu, jambo ambalo halikuwa limesikika. Watu wa kabila hili wakakaa na kula na wa kabila lile. Kuja kwa Bwana kuliwapeleka kwa jirani, hakukuwapeleka msituni.

Walipopimwa, walisimama. Wakati wa hali ya hatari, wengi wao Kenya ya kati walikataa kula kiapo, na pia walikataa kushika bunduki ya serikali. Wakachukiwa na pande zote mbili. Baadhi waliuawa.

Kule Uganda, Janani Luwum aliokoka katika uamsho huo mwaka 1948. Alikuwa mwalimu, akawa mchungaji, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin wakilalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 ya mwezi huo akauawa. Hakuwa na tarehe ya unyakuo mfukoni. Alikuwa na kazi aliyopewa, na siku ilipomfikia ilimkuta akiifanya.

Hapo ndipo Mathayo 24 inapoishia, mpendwa. Wengi wanasoma dalili halafu wanafunga kitabu. Endelea hadi mstari wa 45 na 46. Nani anaitwa mtumwa mwaminifu mwenye akili? Ni yule ambaye bwana wake akirudi atamkuta akiwapa watu wa nyumbani chakula chao kwa wakati wake. Chakula! Kisha geuza ukurasa, Mathayo 25:35. Mfalme ameketi, mataifa yote mbele yake, na jambo la kwanza analolitaja ni njaa yake na waliomlisha.

Sasa weka Shakahola kando ya maneno hayo. Watu waliambiwa wajinyime chakula na wawanyime watoto chakula ili wawe tayari kwa hukumu. Na hukumu yenyewe, kwa kinywa cha Hakimu mwenyewe, inaanza kwa kuuliza nani alimpa mwenye njaa chakula. Waligeuziwa mtihani. Wangefungua ukurasa mmoja tu mbele wangeona.

Kufunga ni kwema, na kanisani kwetu tunafunga. Lakini Isaya 58 inasema mfungo anaouchagua Bwana unamalizikia kwa kumgawia mwenye njaa mkate wako. Mfungo unaomalizikia kaburini kwa mtoto wa miaka mitatu haukutoka kwake.

SASA TUFANYE NINI?

Nimesema swali hilo ni zuri, kwa hiyo nilijibu kabla hujashuka stage.

Kama hujampa Yesu maisha yako, fanya hivyo leo. Usingoje kesha la mwaka mpya. Usingoje mkutano wa Jacaranda. Hapo ulipo, kwenye kiti cha matatu, mwambie Bwana umetubu na unamwamini. Anasikia hata kelele za muziki zikiwa juu.

Kama umeokoka, angalia deni. Pesa za chama ulizokula ukahama mtaa, mwenyekiti bado yupo na namba yake unayo. Anza kulipa hata mia mbili. Ndugu uliyemfungia simu tangu mazishi ya baba, mfungulie. Hilo ndilo handaki la kuchimba, na si rahisi kama la udongo.

Peleka mtoto shule Jumatatu. Kunywa dawa zako. Fungua kibanda mapema, pima kilo iliyo kilo. Jirani wa mlango wa tatu ambaye jiko lake halijawaka tangu jana, unajua, kwa sababu kuta zetu ni nyembamba. Chota sufuria moja ya githeri umpelekee. Bwana akirudi saa hiyo atakukuta njiani na sufuria mkononi, na hutahitaji kukimbilia popote.

Na ukipata video nyingine yenye tarehe, usiitume mbele. Mtafute aliyekutumia, umpigie, umuulize anaogopa nini. Mara nyingi mtu anayeuliza tarehe ya mwisho amechoka na maisha, ana deni, au amefiwa, na hakuna aliyekaa naye. Waliopotea Shakahola walikuwa na majirani. Walikuwa na washirika wa kikundi cha maombi. Wengine waliuza friji na viti kabla ya kusafiri. Mshirika wetu akianza kuuza vitu vya nyumba na kutoa watoto shule, hiyo ni dalili ya nyakati kwako wewe. Nenda umtembelee jioni hiyo hiyo, usingoje Jumapili.

Tuombe.

Baba, tunakushukuru kwa sababu siku ile iko mkononi mwako, haiko mkononi mwa mtu. Tusamehe pale tulipolala, na pale tulipoogopa kama watu wasio na Baba. Wakumbuke waliofiwa Shakahola, Kanungu, Sinai na Huruma. Walinde watoto wa mitaa yetu dhidi ya kila sauti inayotumia jina lako kuwaangamiza. Ukirudi, utukute tukifanya kazi uliyotuachia. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama umesali na kumpokea Yesu leo, niandikie nikuombee. Na kama kuna mtu amekujia akilini ukisoma, usimtumie ujumbe huu peke yake. Mpigie kwanza.

Barikiwa. Maranatha.